Mteja alitaka kulipa nusu ya ufundi kisa fundi ni mwanamke, nikarudi chini ya Canter kufungua

Wakuu, mwangaluka. Kwa wasio wa huku, hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi Simiyu.

Ninachoandika kilinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mafundi wa Bariadi mliokuwepo siku ile mnanisoma humu, nikidanganya mniumbue.

Mimi ni fundi magari, mwanamke, mama wa watoto wawili. Nimefanya kazi gereji moja pale Somanda miaka sita. Jina lake nalihifadhi.

Kwanza mjue bosi wangu alivyokuwa anapanga hela ya ufundi, maana mnalalamika kila siku bila kujua mnapigwaje.

Hakuna kitabu. Hakuna saa. Alikuwa anamwangalia mtu.

Gari ya ofisi, bei juu. Mkulima akija msimu wa pamba, juu. Mwalimu katikati ya mwezi, anamhurumia. Kazi ileile, spana zilezile. Akishapokea, nusu yake, nusu ya fundi aliyechafuka.

Sikuipenda, ila nilinyamaza. Hapo najilaumu.

Basi akaja mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kimali, tumwite Mzee Maduhu (siyo jina lake), na mke wake. Canter yao klachi imeisha, injini inalia tu, gari haipandi. Akapatana na bosi ufundi laki moja, klachi mpya ananunua mwenyewe. Wakaenda kulala kwa ndugu zao.

Hakuuliza nani atafanya.

Nilishusha propela, nikashusha giaboksi, nikabadilisha klachi na bering yake, nikarudisha. Bila lifti, umelala mgongoni kwenye udongo mweusi, hiyo ni kazi ya saa tano. Mimi nilitumia tano na nusu, bolti mbili zilikuwa na kutu. Nikaitest, ikapanda vizuri kabisa.

Kesho yake asubuhi mzee na mke wake wakaja, wakapanda, mzee akaendesha mbele na nyuma, akafurahi.

"Fundi yuko wapi nimpe mkono?"

Bosi akaninyooshea kidole.

Mzee akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi buti. Akacheka. "Huyu mayu, mwanamke? Kumbe kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Elfu hamsini inatosha."

Nikamwangalia bosi. Jamani, nilitegemea aseme neno.

"Pokea tu dada," akasema. "Usitufukuzie mteja."

Mwezi mmoja nyuma mwenzangu wa kiume alifanya klachi kama hiyo, akamaliza siku nzima, mteja akalipa laki kamili na hakuna aliyemwangalia buti.

Sikugombana. Nilichukua spana nikaingia chini ya gari.

"Unafanya nini?" mzee akauliza.

"Nairudisha ilivyokuwa. Klachi yako ya zamani ipo kwenye ndoo pale. Kufungua sikudai hata mia."

Akacheka tena. Bosi akaanza kufoka, "Toka chini ya gari ya watu!" Nati ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Propela ikashuka chini, puu.

Vicheko vikaisha.

Ndipo mke wa mzee akashuka kwenye gari. Mama mtu mzima, tangu jana hajasema kitu. Akachuchumaa, akaniuliza taratibu:

"Ng'wanawane, mwanangu, hiyo laki mnaipataje?"

Miaka sita pale, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo. Bosi alibahatisha kwa macho, ila mimi hesabu yangu nilikuwa nayo. Nikamjibu nikiwa nimelala palepale.

"Mama, kazi hii ni saa tano. Saa moja elfu ishirini. Humo kuna mikono yangu, spana, jeki na kodi ya kiwanja. Nimezidisha nusu saa, hiyo sijawadai. Sasa nionyesheni uanamke unapunguza wapi."

Akasimama. Akamwambia mume wake, "Mlipe mtoto wa watu. Ng'ombe wanatusubiri mnadani."

Mzee akaiweka laki juu ya tairi bila kunitazama. Nikafunga propela. Akiondoka akasema harudi tena, na kweli hajarudi.

Jioni bosi akanipa nusu yangu na maneno mawili: "Kesho usije."

Nililia njiani, sitawaficha. Ila sikurudi kuomba msamaha.

Sasa nina kibanda cha mabati barabara ya Lagangabilili. Nimeandika ubaoni kila kazi, saa zake, na bei ya saa. Mwenye suti na mwenye ndala bei moja. Wengine wanasoma, wanacheka, wanaondoka. Waende. Kuna wiki nilikaa siku nne sijashika gari, na bei sikushusha.

Nilichojifunza: kabla spana haijagusa gari yako, uliza kazi ni ya saa ngapi, saa ni bei gani, na muda ukizidi nani anabeba. Fundi akikukasirikia kwa maswali hayo, ondoa gari yako.

Najua mtakuja kusema nilimkosea adabu mzee wa watu. Karibuni, nipo. Ila kabla hujaandika, niambie: wewe umeshamaliza kazi yako vizuri, mtu akakuangalia sura akakata nusu. Ulifanya nini?