Bernard na Seva ya Akiba ya Kisarawe

Bernard ni fundi wa kompyuta wa kliniki zetu mbili, ya Kibaha na hii ya Kisarawe ninakofanya kazi ya unesi. Ukimwita fundi ananuna. Anataka Injinia, na suti anavaa hata siku ya kubadilisha wino wa printa.

Kazi yake kubwa ni seva mbili. Ya Kibaha ndiyo inayotumika. Kila tunachoandika kuhusu mgonjwa kinaingia humo. Ya Kisarawe ni ya akiba, inanakili yote ya mwenzake papo hapo, ili ya Kibaha ikifa hii ishike kazi. Bibi Kudra wa Msimbu, mgonjwa wa presha asiyejua kusoma, huonwa na daktari Kibaha na dawa huchukua kwetu. Uhai wake uko kwenye nakala hiyo.

Mwaka huu likaja toleo jipya la programu ya seva. Bernard alitangaza kwenye grupu kama mtu anayeaga kwenda Hija. Akatufungia mfumo Jumamosi nzima, tukaandika kwenye makaratasi. Seva ya Kibaha aliipandisha toleo vizuri, hilo simnyimi. Lakini ya akiba ikibaki na toleo la zamani haiwezi tena kunakili. Lazima nayo ipandishwe. Ilimpasa aje Kisarawe. Hakuja. Jioni ile kulikuwa na kikao cha kamati ya harusi Mlandizi, yeye ndiye mwenyekiti, na mwenyekiti anakosaje kula kuku wa kikao?

Seva yetu ikawa inamtumia ujumbe kwenye simu kwamba kunakili kumekatika. Baadaye alitueleza mwenyewe, bila haya, kuwa aliuzima kwa sababu ulimsumbua kikaoni. Kisha akasahau. Mei Mosi akapewa cheti cha mfanyakazi hodari, akapiga nacho picha kila upande.

Haukupita muda seva ya Kibaha ikaungua. Bernard akapiga simu, sauti imejaa maringo.

"Dada Biubwa, msipaniki. Nawahamishia kwenye ya akiba. Hamtajua hata kama kuna kitu kimetokea."

Kweli, skrini ikawaka. Bibi Kudra alikuwa wa kwanza dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe dawa zangu niwahi kurudi, mvua hiyo."

Nikafungua jina lake, nikampa dawa iliyoandikwa. Akaigeuza kiganjani, akanirudishia.

"Hii si ile iliyonivimbisha uso hadi macho yakafumba? Daktari wa Kibaha kanikataza. Kasema kaandika kwenye kompyuta, nyote mtaona."

Dawa nikaiweka kando. Nikatafuta tarehe ya mwisho kuandikwa kitu kwenye seva ile. Ilikuwa Ijumaa, kesho yake ndiyo ile Jumamosi ya kamati ya harusi. Yote ya baada ya hapo hayakuwemo.

Nikampigia Bernard. Unajua alinijibu nini? "Lakini dada, si inawaka?" Nilimtukana, na mpaka leo sijutii hata neno moja. Mtu anakaribia kumuua bibi wa watu, yeye anakuelezea taa.

Seva iliyoungua haikutoa kitu. Mkurugenzi akamleta Bernard kwetu, akamkalisha kwenye benchi la wagonjwa awaulize mmoja mmoja, historia zao ziandikwe upya. Zamu ya Bibi Kudra ilipofika, akamwamkia kwa unyenyekevu ambao sisi hatujawahi kuuona.

"Bibi, daktari alikukataza dawa ipi?"

Bibi alimtazama tangu tai hadi viatu.

"Mimi ya kwangu nayakumbuka," akasema. "Jirani yangu naye alibadilishiwa dawa siku ile ile, tulikwenda pamoja. Sasa kiharusi kimemchukua ulimi, hasemi. Yeye utamwuliza nani?"

Bernard akanigeukia mimi, na mimi nikamwita mgonjwa anayefuata.