Fundi Asiyekunywa Chai Kabla ya Kimya

Fundi wa spika wa mtaa wetu hapa Tainan hagusi chai ya mtu mpaka spika zinyamaze. Alivua viatu, akalaza sikio kwenye spika kubwa ya sinema yangu ya sebuleni, akafumba macho. Zilikuwa zikinguruma hadi nyuki wa kata nzima wakaja kumtafuta malkia wao. Na jioni ile wifi yangu Giok-bi alikuwa anakuja kuimba karaoke kwenye spika hizo, nami nilishamtambia! Fundi akachomoa nyaya mojamoja, kila mmoja akiuzungusha kidoleni kama tambi. Wapi! Nikamimina kikombe cha pili, cha tatu; hakuvitazama. Ukabaki waya mwembamba nyuma ya kabati. Akaufuata kwa kiganja hadi bafuni.

“Ama,” akaniita, yaani bibi kwa lugha ya kwetu, “soketi yako ina waya wake wa ardhini. Huu wa pili kwenye bomba la maji kafunga nani? Umeme unazunguka humu, ndio huo unaonguruma.”

“Panya.”

“Panya huyo anafunga fundo lako lilelile la kufungia vifurushi vya wali wa sikukuu?”

Nikatazama dari. Akalifungua taratibu, akarudi, akalaza sikio tena. Kimya. Ndipo akanywa vikombe vyote vitatu, vimeshapoa, mfululizo.