Baharia Aliyelilia Jina

Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, mtoto nimempakata. Sikuhadithiwa, sikuota, na pombe sinywi. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize.

Mimi ni mzaliwa wa Maganzo, nimeolewa huku Geita, kwenye mji mdogo kando ya ziwa. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, alilia. Watoto wote hulia, utasema. Huyu alilia mpaka sauti ikakauka, akakataa kunyonya. Hospitali walimpima wee, hawakuona ugonjwa. Mama mkwe akasema mtoto analilia jina, kuna mzee anataka kurithiwa. Akamwita majina ya wazee wote wa ukoo wao, mmoja baada ya mwingine, na mtoto akazidi kulia. Mwisho mama mkwe akaanza kunitazama mimi, kana kwamba maziwa yangu yana sumu. Mwanangu alikuwa anaisha mikononi mwangu, nami sijawahi kuogopa vile.

Siku hiyo nilimbeba nikaenda bustani ya mji kutafuta upepo. Ndani ya bustani ile kuna makaburi ya mabaharia wa zamani, waliopigana kwenye meli za mizinga humu humu ziwani wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, kisha wakazeekea hapa. Mawe yao yamechongwa nanga. Watu hukaa juu yake wakala chipsi. Nami nikakaa, kwenye jiwe la pembeni lisilo na jina.

Akaja mzee. Kofia ya baharia, nguo nyeupe pe, na vumbi lote lile la kiangazi! Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa kilugha cha kwetu. "Huyo analilia nini?"

"Wanasema analilia jina, babu."

"Hata mimi," akasema.

Akainama, akamwambia mtoto, "Luhende." Basi. Mtoto akanyamaza. Niamini, alinyamaza kama redio iliyozimwa, akaanza kunyonya kwa pupa mpaka machozi yakanitoka. Nilipoinua macho nimshukuru mzee, hayupo. Mama muuza karanga aliyekuwa jirani alikuwa amenikodolea macho.

"We mama, ulikuwa unaliamkia jiwe?"

Nikampigia simu mama yangu Maganzo. "Mama, unamjua Luhende?"

Akauliza, "Nani kakutajia? Huyo ni babu yangu. Alichukuliwa vitani kwenye meli, hakurudi. Baba alisema alizama, na jina lake likaachwa."

Unaona kosa letu? Tulikuwa tumewaita wafu wa upande wa mume tu, kana kwamba mimi niliokotwa njiani!

Mume wangu ni mchimbaji wa dhahabu. Wenye bustani walipomruhusu, alikuja na tindo na nyundo yake ya machimboni, akachonga LUHENDE kwenye jiwe lile. Mama alisafiri kutoka Maganzo, akalishika jiwe kwa mikono miwili, akasema, "Baba alikufa akidhani mzee yuko chini ya maji." Alilia, halafu akacheka, halafu akapiga vigelegele. Na nani alimpokea vigelegele kwa sauti kubwa kuliko wote? Mama mkwe! Nilimtazama nikajiona mshindi, sifichi.

Leo Luhende wangu anakimbia, ana mashavu, anakula kunishinda mimi. Tukipita bustanini husimama mbele ya jiwe lile, wima, akapiga saluti. Hakuna aliyemfundisha, na mimi sijathubutu kumuuliza anampigia nani.

Kwa hiyo wewe na chipsi zako, ukifika bustani ile, usikalie mawe ya watu. Amkia kwanza. Na ukiitikiwa marahaba, usikimbie. Muulize jina lake.