Alichokiona Bi Zaitun Chini ya Shuka

Mimi nina mdomo. Waulize wauza nafaka wa Majengo, watakuambia Salma wa maharage akikuanza, heri ufunge genge ukalale. Bi Zaitun alikuwa kinyume changu. Mrangi wa Kondoa, mwembamba, mpole hadi anakera. Miaka thelathini na moja aliosha maiti wa kike wa mtaa wetu, na hata siku moja hakumsema aliyemwosha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia maji. Siku moja tunatoka kumwosha mke wa mwenye mashine ya kusaga, nikataja kovu nililoliona tumboni. Wee! Alinipiga kofi palepale barabarani, mtu mzima mimi mwenye wajukuu. Akasema maiti hawezi kujifunika, kwa hiyo aliyemwona ndiye nguo yake. Nilinuna wiki nzima, lakini sikurudia.

Basi ikaja ile wiki ya vurugu, baada ya kura. Vijana walitaka wakubwa waondoke, wenyewe wakasema ni mapinduzi. Wenye bunduki wakasema ni uhuni. Mimi nilikuwa na maharage yangu ya kuuza, sikuwa na jina la kuyapa mambo hayo.

Siku ya pili asubuhi matairi yalikuwa yanawaka njia panda ya sokoni. Yakaja magari mawili, wenye bunduki wakaruka chini wakaanza kupiga risasi. Hawakuonya, hawakusema tawanyikeni. Nililala kifudifudi nyuma ya magunia, risasi zinatoboa mabati, mtama unanimwagikia shingoni. Mbeba mizigo mmoja, baba wa watu, alipigwa ya taya. Alikuwa anataka kuita na hana tena cha kuitia. Mwingine alikuwa bado anatambaa, wakamkanyaga kichwa kwa buti mpaka akatulia. Niliyaona haya kwa macho yangu, sijasimuliwa.

Asma nilimwona pia. Huyu ni binti wa Mudrick fundi viatu, miaka kumi na tisa, alikuwa ametoka kufunga kibanda cha chapati cha mama yake. Alipita mbele yangu anakimbia kuelekea kwao, khanga imemvuka kichwani. Moshi ukamfunika, sikumwona tena.

Mudrick alimkuta chumba cha maiti, na siku mbili nzima akazungushwa. Mwishowe akaambiwa mwili atapewa akisaini karatasi kwamba binti yake amegongwa na pikipiki. Akasaini. Msimlaumu. Mtoto anaharibika mle ndani, wewe unataka kumzika, utafanya nini? Hata mimi ningesaini.

Tukaitwa kumwosha. Bi Zaitun akafunga kitambaa mkononi, akaingiza mkono chini ya shuka, nami namimina. Maji yakatoka mekundu. Nikamimina tena, mekundu. Mara ya tano, bado. Tulipomgeuza ubavu shuka ikateleza, tukaona wote wawili. Mgongoni, chini ya bega la kushoto, kulikuwa na tundu dogo ambalo ungeliziba kwa kidole. Mbele, kifua kilikuwa kimefumuka, mbavu zinaonekana. Nikanong'ona, pikipiki gani hii?  Bi Zaitun akajaza pamba, ikalowa, akajaza nyingine. Tulipotoka, Mama Asma akatushika mlangoni, akauliza mwanawe ameumia wapi. Bi Zaitun akamwambia ametengenezwa vizuri, amelala. Haki ya Mungu, nilimchukia. Mama mzazi anauliza, na wewe unamfunika na yeye?

Siku ya tatu ya matanga tumekaa kwenye mikeka chini ya turubai, akaingia mwanamume wa makamo, kavaa kaunda suti, nyuma yake wawili wenye bunduki. Mpole kupindukia. Akawaamkia wazee shikamoo, akatoa pole. Kisha akasema anamtafuta Bi Zaitun, maana amesikia ni mama anayejua kutunza siri, na yeye hakuja kuomba zaidi ya hilo. Sokoni kuna maneno ya risasi, akasema, yanachafua watu. Akatoa karatasi: mwosha anathibitisha kwamba mwili haukuwa na jeraha la risasi. Na kidau cha wino alikuja nacho.

Kila mtu pale alielewa. Bi Zaitun akiweka kidole, basi imekwisha, Asma ameuawa na pikipiki mpaka siku ya kiyama, na Mudrick hatakuwa na pa kwenda kudai.

Bi Zaitun akaomba asomewe tena. Akasomewa. Akainuka, akampa yule mtu mgongo, akamtazama Mama Asma.

"Mwanangu, nisamehe, nilikuficha. Asma alipigwa risasi. Iliingia mgongoni ikatokea kifuani. Alikuwa anakimbia kurudi kwako."

Mama Asma alitoa sauti ambayo mpaka leo naisikia. Mmoja wa wale wawili akampiga Bi Zaitun kitako cha bunduki mdomoni, meno yakadondoka mkekani kwenye juzuu za Kurani. Mudrick alipoinuka akalazwa chini, buti shingoni. Yule wa kaunda suti hata sauti hakupandisha. Akamwuliza bibi ameona nini.

"Mgongoni," Bi Zaitun akasema.

Wakauweka mkono wake wa kulia kwenye ngazi ya mlango, ule ule wa kuoshea, wakaupiga kwa kitako. Ulivunjika kama kuni kavu. Akaulizwa tena. Akasema mgongoni. Wakaupiga tena, safari hii juu ya kiwiko. Wanawake wamejifunika nyuso, mimi nimejikojolea, nasema ukweli.

Ndipo yule mtu akageuka.

"Na wewe uliyemimina maji, uliona nini?"

Mimi. Salma mwenye mdomo, niliyemchukia mwenzangu kwa kunyamaza.

"Mimi nilikuwa namimina tu, mzee. Sikuona kitu."

Bi Zaitun alikuwa chini, damu zinamchuruzika kidevuni. Akaniangalia. Nilidhani atanilaani, na ningestahili.

"Ni kweli," akawaambia. "Huyu hakuona. Mwacheni."

Wakambeba, wakamtupa nyuma ya gari. Kidole gumba cha mkono uliovunjika wakakichovya winoni wenyewe, mbele ya macho yetu, wakakigandamiza kwenye karatasi yao.

Sasa ni mwezi wa nne tangu wamchukue. Mimi na Mudrick tumezunguka mahabusu zote tunazozijua na vyumba vya maiti mpaka Kondoa. Kila mahali jina la Bi Zaitun halipo. Wanawake wengine wa Majengo wamekufa tangu hapo, kwa homa, kwa uzazi, nami nimewaosha, maana nilijifunza kwake. Yeye sijamwosha. Sijui wamemtupa shimo gani na nguo gani, wala kama kuna mtu aliyemfunga hata kidevu.

Kwa hiyo wewe uliyekuja kuniuliza, andika, na jina langu uliweke. Mimi, Salma binti Mbwana, niliona. Risasi iliingia mgongoni, chini ya bega la kushoto. Niliona, na nilisema sikuona.