Kamba ya Nguo kwenye Mlimau

Siku yangu ya kwanza katika ukaguzi wa miti ya matunda Nakuru, Bwana Mkaguzi hakunipa bomba la dawa. Alinipa jani. "Geuza," akasema. Nikageuza. "Geuza tena." Mimi huhakikisha kila kitu mara mbili, kwa hivyo tulielewana mapema.

Chini ya jani ndiko hukaa wafyonza utomvu: vidukari laini, na vidugamba waliojibandika kama magamba ya samaki. Hunywa maji ya mti, hutoa majimaji matamu, na sisimizi huja kuyaramba. Kwa malipo hayo, sisimizi huwafukuza wadudu ambao wangewala vidugamba. Ulinzi wa kulipwa, kama sokoni.

Baada ya msimu mmoja katika baridi na matofaa ya Molo, nilipelekwa Lanet. Huko mlimau wa Mama Wafula, mjane wa fundi wa reli, ulikuwa umeota ukungu mweusi kama sufuria ya kuni, ule unaomea juu ya majimaji yale matamu. Bwana Mkaguzi akaamuru ukatwe, usije ukaambukiza miti ya majirani.

"Ukikata huu umekata karo ya mwanangu Wafula," mama akasema. "Basi mchukue na yeye, umsomeshe."

Nikaomba tupewe muda.

"Mpaka mvua ianze," bosi akasema. "Ukishindwa, msumeno utaushika wewe."

Nikausugua mti kwa sabuni na mafuta ya taa, nikafunga shina kwa kitambaa cha grisi ili sisimizi wasipande. Niliporudi, walikuwa wamejaa juu vilevile. Nikakagua kitambaa, nikakikagua tena. Kizima. Na mawingu tayari yalikuwa yanakusanyika.

Mama alikuwa akianika. "Hawa wadudu wako wananiharibia hata mashuka," akalalamika. Nikatazama kamba yake ya nguo. Msafara mzima ulitoka ukutani, ukapita juu ya shuka, ukaingia tawini.

"Mama, tufungue hii kamba."

"Nianike wapi? Kichwani mwako?"

Nikamwahidi nguzo moja. Akataka mbili. Nikachimba mbili.

Mvua ilipoanza, Bwana Mkaguzi alikuja na msumeno. Akageuza jani, kisha jingine. Mbawakawa wa madoadoa walikuwa wakila vidugamba, na machipukizi yalikuwa safi. Akarudisha msumeno garini.

"Mama, malimau yatakuwapo?"

"Yatakuwapo. Ya kuuza."

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mna dawa kali kuliko zetu, nami sizikatai. Lakini bado namshukuru mzee yule. Angeukata siku ileile na hakuna ambaye angemlaumu. Kila mti niliotaka kuuponya baadaye, niliuombea muda kwanza kwa mtu mwenye msumeno, na wengi wao walinipa.