Kamera Ikichoka, Kinya Huizima

Saa saba mchana, Kiritiri, Embu, jua limelalia hema kana kwamba limelipwa. Kwenye kona ya skrini ya kamera yake, Kinya anaona kile alichokiogopa tangu asubuhi: alama nyekundu ya kipimajoto, inawaka na kuzima. Kamera imepata joto kupita kiasi. Akiendelea kurekodi, itajizima yenyewe wakati wowote inapotaka.

Anaizima yeye.

“Madam, mbona umeshusha?” Mshereheshaji, Ndwiga, anauliza kwa kipaza sauti ili kila mtu asikie. “Ama kamera ya Kibirichia imezoea baridi ya viazi?”

Hema zima linacheka. Kinya anafungua kifuniko cha betri.

Leo ni siku ya mahari. Wanawake waliofunikwa leso kichwa hadi miguu wanatoka nyumbani kwa mwendo wa kobe, wakiimba, wakisimama njiani kudai zawadi ndipo watembee. Mwishowe bwana harusi, Misheck, atamfunua mmoja. Akimpata mchumba wake, vigelegele; akikosea, faini ya mbuzi. Hakuna kurudia kwa ajili ya kamera. Kinya akikosa dakika hiyo, hataitwa tena upande huu.

Kwao Kibirichia, Meru, kwenye baridi na mashamba ya viazi, kamera haijawahi kumlalamikia. Aliacha shule darasa la sita, mama alipougua na palizi ikabaki mikononi mwake. Baadaye alifagia studio moja ya picha Majengo, mjini Meru, na huko ndiko alikojifunza, kwa kutazama tu.

“Hakuna aliyenifundisha. Pia hakuna aliyenifukuza,” huwaambia wanaomuuliza, kwa sauti isiyovuka meza mbili.

Sasa ametoa betri. Ameivuta skrini mbali na mwili wa kamera, pale joto linapojificha, na anaipepea kwa kipande cha katoni kivulini.

Rwamba, shangazi wa bibi harusi, anamjia mbio, leso begani.

“Nilisema tuletewe mwanaume! Msichana, washa hiyo kitu. Wanatoka!”

“Tata,” Kinya anasema, yaani shangazi, “nitawasha wakifika.”

“Basi iweke kwa barafu ya soda ipoe! Si ni joto tu?”

Anamsukumia ndoo. Chupa zinaelea. Kinya anaisogeza kamera kifuani.

“Hapana, Tata. Ikitoka huko ikiingia kwa jua, kioo kitashika ukungu na maji yataingia ndani. Hapo hutaona bibi harusi, utaona mvuke.”

“Unanijibu?”

“Nakujibu.” Anaishika kamera kwa mikono miwili. “Ikiungua, mtamchora kwa mkono?”

Rwamba anaondoka akinung’unika, akiikunjua leso yake. Nyimbo zinakaribia. Ndwiga anahesabu kwa kipaza sauti mambo ambayo mpiga picha amekosa: wazee kusimama, kina mama kukataa kutembea. Kinya anaendelea kupepea. Akiiwasha tu, atapunguza ubora wa video, kwa sababu picha nzito ndiyo inayoichemsha kamera haraka.

Wanawake wamefika, wamejipanga mbele ya hema. Misheck anaingia. Anapita wa kwanza, wa pili. Kinya anarudisha betri, anaiwasha kamera, anapunguza ubora. Kipimajoto hakipo.

Anarekodi.

Misheck anasimama mbele ya wa nne, anatazama miguu, anatabasamu kama mtu aliyeshinda. Anavuta leso.

Ni Rwamba.

“Karibu nyumbani, mume wangu!” shangazi anapaza sauti, na viti vinaanguka kwa kicheko. Mbuzi mmoja. Kinya hacheki; kamera ingetikisika. Misheck anavuta pumzi, anahamia wa mwisho, anafunua. Bibi harusi, Wawira, analia na kucheka pamoja. Yote yameingia.

Jioni, Rwamba ameirudia sehemu yake ya video mara nyingi kuliko bibi harusi alivyotazama yake. “Huyu msichana ni kichwa ngumu,” anasema. “Mwezi ujao tuna sherehe nyingine. Aje.”

Kazi kama hii humwingizia Kinya shilingi elfu saba. Anaweka akiba anunue kamera ya pili, moja ikipumzika nyingine ifanye kazi, kisha afungue studio Kibirichia, ambako wasichana walioacha shule wataingia kujifunza bila kuulizwa cheti.

“Lakini hata nikiwa na mbili,” anasema akifunga begi, “zikiniambia zote zimechoka, nitazizima zote. Mshereheshaji apige kelele apendavyo.”