Kuondoa Tarumbeta

Nilipewa kazi ya kupima programu kwa sababu moja tu: mimi huwa nipo. Nilikuwa nimetumia programu ile ile ya kuhariri video za nyumbani kwa miaka saba, na kila ilipogoma niliwaandikia watengenezaji wake malalamiko marefu kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Nadhani walichoka, wakaona heri waniulize kabla ya kuitoa kuliko kunisoma baadaye. Wakaniletea toleo jipya ambalo lilikuwa halijatoka, wakasema: litumie, lisumbue, kisha utuambie limeharibika wapi.

Nikamwambia mama. Alikuwa anachambua maharage barazani.

“Kwa hiyo dunia nzima wamekosa mtu,” akasema, “wakaangalia hadi huku Kimandolu, wakakuona wewe.”

“Wameona nina uwezo.”

“Wameona hutoki.”

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi na yeye. Baba alitangulia zamani. Kwetu Wameru mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na mama. Ni desturi wala si uvivu, ingawa kwangu vitu hivyo viwili vimeshikana mpaka sijui kimoja kinaishia wapi. Wageni wakija, mama alinitambulisha kama mlinzi wa kochi. Mimi nilimwita bosi wa maharage. Tulichokozana asubuhi, tukachokozana mchana, na mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba huko kuchokozana ndiko kupendwa.

Kaka yangu alikuwa mtu wa kutoka. Alikuwa na duka la vipuri vya magari mjini, mke, watoto wawili, na kiti chake cha mzee wa kanisa. Ndiye aliyeezeka upya nyumba za mama, hii ya Kimandolu na ile ya shambani, juu mlimani. Siku moja alianguka dukani, na kabla jua halijazama tukawa hatunaye.

Tulimzika shambani, kati ya migomba na kahawa. Mimi nilipiga video. Watu walisema nimejitolea. Ukweli ni kwamba mtu mwenye kamera haombwi kubeba jeneza wala haulizwi mbona halii. Nilisimama nyuma ya viti vya mbele, hatua moja tu nyuma ya mama na dada yake mkubwa, na ng'ambo ya kaburi walisimama vijana wa tarumbeta wa usharika, wakapuliza mpaka migomba ikatikisika.

Ikapita karibu mwaka. Sasa ilikuwa inakuja shukrani, siku ambayo familia inawaita tena wote waliokuja kuzika, ibada inafanyika, watu wanalishwa na kuambiwa asante. Mama alitaka siku hiyo video ya mazishi ionyeshwe chini ya turubai, nusu saa isiyochosha. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuitazama. Alisema ataitazama mara moja tu, akiwa na watu.

Kwa hiyo nikaamua kulipima toleo jipya kwa video ya mazishi ya kaka. Najua inavyosikika. Lakini mpimaji anahitaji video ngumu, yenye mwanga mbaya, watu wengi na kelele, na mimi nilikuwa na moja tu ya namna hiyo.

Kitu kipya walichojivunia zaidi kilikuwa cha kutenganisha sauti. Unaipa programu video, inasaga dakika kadhaa, halafu inakupa mistari miwili: mmoja wa muziki, mmoja wa maneno ya watu. Ukitaka unaushusha huu, ukitaka unaupandisha ule. Nikaenda pale jeneza linaposhushwa, mahali ambapo kwa mwaka mzima sikuwahi kusikia kitu isipokuwa tarumbeta. Nikavaa spika za masikioni. Nikaushusha muziki mpaka sifuri.

Tarumbeta zikatoweka. Vijana wakabaki wamevimbisha mashavu bila sauti, kama watu wanaopuliza chai ya moto. Na hapo hapo, karibu na sikio langu, nikamsikia mama mkubwa, yaani dada yake mama.

“Jikaze.”

“Nijikaze nini,” akajibu mama. “Mungu angeniuliza, ningempa huyu mwenye kamera.”

“Usiseme hivyo. Yuko hapo nyuma, atasikia.”

“Hasikii. Huyu akishika mashine, hata nyumba ikiungua hasikii.”

Walikuwa wanaongea Kimeru. Naandika kwa Kiswahili, lakini kwa Kimeru ni fupi zaidi, na kwa sababu ni fupi inaingia vizuri.

Nitasema ukweli: kwanza nilifurahi. Kila neno lilikuwa safi, kama limesemwa chumbani. Nikarudisha, nikasikiliza tena kama mpimaji, nikaona mwisho wa sentensi ya pili unakwaruza kidogo. Nikaandika kwenye karatasi yangu ya kasoro: mwisho unakwaruza. Ndipo nikatazama nilichoandika, nikaenda jikoni kunywa maji. Mama alikuwa huko.

“Imeharibika wapi?” akauliza.

“Haijaharibika,” nikasema. “Inafanya kazi vizuri mno.”

Nilikaa na maneno yale siku nne. Nilikuwa mbaya. Mama aliniomba nipande nikaangalie bati linalovuja, nikamwambia fundi wake wa bati alishazikwa. Aliganda pale mlangoni na ndoo mkononi. Tulikuwa tumetaniana maisha yetu yote, lakini marehemu hatukuwa tumewahi kumgusa. Akaiweka ndoo chini ya tone, akaondoka. Nikajisikia nimeshinda, kwa muda wa kama dakika moja.

Jumamosi mama mkubwa alikuja kutoka kwake Sekei, aone kama video imekamilika.

“Shikamoo mama mkubwa.”

“Marahaba baba. Bado upo?”

“Nipo.”

“Nilijua.”

Nikamwita na mama. Akasema si alishaeleza kwamba ataitazama siku yenyewe? Nikamwambia ni kipande kidogo tu, anisaidie kupima sauti. Nikawawekea viti mbele ya kompyuta, nikachomoa spika za masikioni, nikachomeka zile kubwa. Ningeweza kuacha. Naliandika hili wazi kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba ni kidole kiliteleza. Hakikuteleza. Nilitaka asikie, halafu akatae, halafu mimi nimkubalie.

Jeneza likaanza kushuka. Nikashusha tarumbeta.

Maneno yalipokwisha, mama mkubwa alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mama hakushtuka.

“Rudisha,” akasema.

Nikarudisha.

“Tena.”

Nikarudisha mara ya tatu. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kama anavyosikiliza matangazo ya vifo redioni.

“Sauti yangu imezeeka,” akasema.

“Mama, ni wewe?”

“Unaniuliza mimi, na mashine imeshakuambia?”

Mama mkubwa akamshika goti. “Mdogo wangu, mwambie ulikuwa na uchungu. Mtu akiwa kando ya kaburi anasema chochote.”

“Nilikuwa na uchungu,” mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa karatasi asome.

“Na leo?” nikauliza.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nina ndevu, naota kipara, na nilikuwa nimekaa kwenye stuli nikiuliza swali la mtoto wa chekechea. Mama akasimama, akajikung'uta magoti ingawa hayakuwa na kitu.

“Leo Mungu hajaniuliza,” akasema. “Rudisha tarumbeta zako. Na uache tabia ya kusikiliza watu wakiwa wanalia.”

Akatoka. Mama mkubwa akaniangalia, akasema, “Na wewe, si ungenyamaza tu?” Halafu naye akatoka, na chai niliyomwandalia hakuigusa.

Toleo jipya lilikuwa na kitu cha pili ambacho sikuwa nimekipima. Unachagua uso wa mtu mmoja, programu inakutafutia kila mahali alipoonekana. Wao walikifikiria kwa ajili ya harusi na siku za kuzaliwa: umtafute mtoto wako, umkusanye, umtengenezee filamu yake. Mimi nikachagua uso wa mama. Ikamkusanya: mama akishuka garini, mama ameshikwa mikono miwili, mama kwenye kiti, mama akiweka shada. Vipande arobaini na kitu, vimepangwa vizuri kama picha za albamu. Nikavichagua vyote kwa pamoja, nikabonyeza futa.

Mama mkubwa naye alienda na maji, kwa kuwa alikaa karibu.

Programu ikaunganisha palipokatika, laini kabisa, huwezi kujua. Nikarudisha tarumbeta kama nilivyoagizwa. Yakawa mazishi mazuri sana ya mtu asiye na mama.

Siku ya shukrani turubai lilijaa. Ibada ikaisha, watu wakala machalari ya ndizi na nyama, televisheni ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Mama aliketi mbele, amevaa kitenge kipya, na mjane wa kaka kulia kwake. Nikawasha.

Watu walilia panapostahili. Ila mimi sikuwa natazama televisheni, nilikuwa namtazama mama. Kila umati ulipoonyeshwa alisogea mbele kidogo kwenye kiti. Kila picha ilipobadilika alirudi nyuma. Alisogea, akarudi, akasogea. Alikuwa anajitafuta. Kufika mahali pa mashada alikuwa ameacha kusogea.

Mzee mmoja jirani, asiyejua kuongea kwa sauti ndogo, akauliza, “Mbona mama wa marehemu hatumwoni?”

Minong'ono ikaanza. Nikasubiri aseme. Nilikuwa tayari anitaje mbele ya usharika mzima, na nilikuwa na jibu langu.

“Nilizimia,” mama akasema. “Walinilaza ndani.”

“Lakini mama,” akasema shemeji yangu taratibu, “si tulikaa wote pale, tumeshikana...”

“Nimesema nilizimia.”

Watu wakampa pole. Wakampa pole kwa mazishi ya mwanawe ambayo hakuyaona, mmoja baada ya mwingine, wakiinama kumshika mkono, naye akazipokea zote. Mama mkubwa alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa turubai. Nikajifanya narekebisha waya.

Saa kumi, watu walipokuwa wanatawanyika, mama alinifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa nakunja nyaya.

“Umenitoa kila mahali?”

“Kila mahali.”

“Hukunitoa kila mahali. Niliuona mkono wangu ukitupa udongo.”

Alikuwa sahihi. Programu inatafuta nyuso. Mkono haijui ni wa nani. Mimi nami sikuujua. Mkono ule umenilisha, umenichapa, umenipaka mafuta, na nilipouona kwenye kioo unaachia udongo juu ya jeneza, nilidhani ni wa mwanakwaya fulani. Nikaupita.

“Ile nzima ipo?” akauliza. Hakuuliza kwa hasira. “Ile yenye mimi.”

“Nilifuta.”

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. “Haya,” akasema, akaenda kuwaaga wazee wa kanisa.

Sikuwa nimefuta; nilichokata ni nakala tu. Ipo kwenye kompyuta yangu, nzima, ukuta mmoja kutoka kitanda chake. Hajaiulizia tena, na mimi sijampa.